VNA ya bei nafuu: gigahetsi zisikupumbaze

Vijana wengi wanaonipigia simu kuniuliza wanunue VNA ipi (vector network analyzer, kifaa cha kupimia antena na nyaya zake) huanza na swali moja: inafika gigahetsi ngapi? Nami huwauliza, unapima nini? Hapo utasikia redio za mkononi za walinzi, antena ya FM ya kituo cha mkoani, pengine redio ya boti. Kazi zote hizo ziko chini ya megahetsi 500. Lakini mwenzangu ameshaona mtandaoni kifaa cha GHz 6.3, ameshageuza dola kuwa shilingi, na moyo umeshahama.

Mimi ni fundi wa redio, kituo changu ni Dar es Salaam, na kazi hunipeleka mwambao wote kuanzia Tanga hadi Kilwa. Nina FM, nina VHF za majini, nina redio za kampuni za ulinzi, na siku hizi zimeongezeka hizi sensa za matangi ya maji zinazotuma taarifa kwa LoRa, redio ya nguvu ndogo ya kutuma data mbali, kwenye MHz 868. Niliyoyaandika hapa yametoka kwenye kazi hizo. Anayetengeneza rada au vifaa vya setilaiti atanisamehe.

Kwa asiyewahi kuishika: VNA hutuma wimbi dhaifu kwenye antena, waya au filta, ikapima kiasi gani kimerudi, kiasi gani kimepita upande wa pili, na kwa fezi ipi, yaani limechelewa kiasi gani. Mita ya kawaida ya SWR, ile namba inayokaa kwenye 1 kama hakuna kinachorudi na kupanda kadiri kinachorudi kinavyoongezeka, hukwambia kuna kinachorudi, basi, tena lazima transmita iwe inawaka na unasoma masafa mamoja kwa wakati mmoja. VNA inakuchorea mstari mzima. Unaona antena inaitikia wapi, kama imezidi urefu au imepungua, na kama shida iko juu mnarani au kwenye konekta uliyoishika mkononi.

Miaka ya nyuma mashine ya namna hii ilikuwa mali ya vyuo na kampuni kubwa za simu. Fundi wa mtaani aliisikia tu. Wapenzi wa redio ndio waliofungua mlango. Mjerumani Tom Baier, ambaye hewani hujulikana kwa DG8SAQ, alibuni VNWA, kisanduku kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB na kupima hadi GHz 1.3. Kizuri hadi leo, ila bei yake ni mamia ya pauni. Kisha ikaja NanoVNA. Aliyeibuni ni Mjapani anayejulikana kwa jina la edy555, na mwaka 2019 Mchina anayejiita hugen akaiboresha na kuanza kuitoa kwa wingi. Hapo ndipo kipimo cha maabara kilipoingia kwenye mfuko wa shati, kwa bei ya kama dola 50 au 60.

Nilifungua ya kwangu nione bei hiyo imetoka wapi. Ndani hakuna maajabu. Kuna chipu ya Si5351 inayozalisha masafa, mikisa tatu za SA612 ambazo kila anayejitengenezea redio anazifahamu, na chipu ya sauti ya aina ile inayowekwa kwenye vifaa vya muziki. Mawimbi ya redio yanashushwa hadi yawe kwenye masafa ya sauti, kisha yanasomwa kama sauti. Ujanja mtupu, na ndio uliofanya kifaa kiwe rahisi. Ndio pia uliokiwekea mipaka.

Mpaka wenyewe uko kwenye MHz 300. Hadi hapo Si5351 inafanya kazi yenyewe. Ukipanda zaidi, NanoVNA inategemea hamoniki, yale mawimbi dhaifu yanayojitokeza kwenye mara mbili, mara tatu ya masafa yenyewe. Ukiiambia ipime MHz 450, kinachotoka kwa nguvu ni MHz 150, na kifaa kinasikiliza ile hamoniki ya tatu iliyo dhaifu zaidi. Kwa antena hilo halina neno. Ila ukipima ampilifaya, ampilifaya inakula ile 150 vilevile, na mchoro utakaouona si wa kuuamini. Nafasi kati ya wimbi kubwa na kelele ya kifaa nayo inapungua: ni kama desibeli 70 chini ya MHz 300, kama 60 kutoka hapo hadi 900, na zaidi ya hapo inazidi kushuka. Muuzaji atakuandikia hadi GHz 1.5, na ni kweli inafika. Inafika imechoka.

Kwa hiyo wanaotaka kupanda juu wanatafuta zenye sintesaiza (kizalisha masafa) ya kweli ya masafa ya juu. NanoVNA V2 iliyotoka mwaka 2020 inakwenda hadi GHz 3, na ndugu zake wa baadaye hadi 4. LiteVNA 64 inafika 6.3. Zote hizo, pamoja na NanoVNA ya kwanza, zina tabia moja ambayo matangazo hayaipigii kelele: zinapima upande mmoja tu. Zinatuma kutoka tundu la kwanza na kupokea kwenye la pili. Ukitaka kuona kitu kinavyoonekana kutoka upande wa pili, unafungua konekta, unageuza, unapima upya. Kwa antena, ambayo ina mdomo mmoja, hujapoteza chochote. Kwa filta na dupleksa, yale makopo yanayoiwezesha redio kutuma na kupokea kwa antena moja, utageuza hadi uchoke.

Sasa niseme kazi, maana kazi ndiyo iliyonichagulia kifaa.

Kampuni moja ya boti iliniita. Redio ya ofisini, VHF ya majini, ilikuwa inasikika karibu tu; boti ikishavuka mkondo, nahodha hamsikii mtu. Antena iko juu ya paa, waya ni RG-58, ule mwembamba, kama mita 30 ukiuhesabu na mizunguko yote. Mita ya SWR ilikuwa inaonyesha 1.6. Mzee mwenye kampuni akanitazama: "Fundi, mita inasema safi. Sasa shida iko wapi?"

Nikachomeka VNA kwenye ncha ya waya, nikapima kuanzia MHz 140 hadi 175. Antena nzima ina bonde: mstari unashuka pale inapoitikia, kisha unapanda pande zote mbili. Mstari ule haukuwa na bonde. Ulikuwa umelala, una viwimbi vidogo tu, kila mahali SWR haifiki 2. Mtu asiye na uzoefu angefurahi, akadhani amepata antena ya masafa yote. Nikamtuma kijana apande paani, afungue antena kabisa, aache ncha ya waya wazi hewani. Akapiga kelele, "Tayari!" Mstari haukutikisika.

Hesabu yake ni hii. RG-58 kwenye masafa hayo hula karibu desibeli 20 kwa mita 100, kwa hiyo mita 30 zinakula karibu 6. Wimbi likienda juu linapoteza 6, likigonga mwisho na kurudi linapoteza 6 nyingine. Hata kama juu hakuna antena kabisa, kinachorudi chini kimepungua desibeli 12, na desibeli 12 zikigeuzwa kuwa SWR ni kama 1.7. Mita ilikuwa inasoma waya. "Mzee," nikamwambia, "hapa ulikuwa unapasha moto waya." Antena yenyewe tulipoifungua, solda ya ndani ilikuwa imeachia na kutu imejaa. Tukaweka antena nyingine na waya mnene wa RG-213, ambao kwa urefu uleule unakula kama desibeli mbili na nusu, na bonde likaonekana pale pale panapotakiwa, jirani na MHz 156.8 ya chaneli 16.

Kazi ile ingefanywa na NanoVNA yoyote, hata ya bei ya chini kabisa. Ndiyo maana huwa sielewi mtu wa VHF anapolilia gigahetsi.

Kazi ya pili ndiyo iliyonifanya nijali idadi ya nukta, yaani kifaa kinapima masafa mangapi kuchora mstari mmoja. Kituo cha redio cha mkoani, transmita inajishusha nguvu yenyewe kila mvua ikinyesha. Kebo ni ile nene ya nusu inchi, mita 48 kutoka transmita hadi antena. Meneja wa kituo, dada mmoja asiyependa masihara na muda wa matangazo, akanipa nafasi usiku baada ya kipindi cha mwisho. "Kaka, saa kumi na moja alfajiri nataka niwe hewani."

VNA inaweza kupima umbali. Inachukua vipimo vya masafa mengi, inavipiga hesabu na kukupa mchoro wa muda: hapa kuna mwangwi, hapa hakuna. Ukiiambia wimbi linasafiri kwa kasi gani ndani ya kebo, itakupa mita. Kebo ile ya povu kasi yake ni 0.88 ya kasi ya mwanga. RG-58 na RG-213 za plastiki nzito ni 0.66. Ukikosea namba hii, fundi wa juu atafungua mahali pasipo na ugonjwa.

Ila kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kifaa cha nukta 101 ukikipa masafa mapana ya MHz 300, hatua kati ya nukta na nukta ni MHz 3, na kwa kebo ile umbali wa mwisho unaoweza kuonekana ni mita 44. Kebo yangu ina 48. Mwangwi wa antena yenyewe ungejikunja na kutokea kama mita nne kutoka mwanzo, na ningeanza kuilaumu konekta ya chini. Dawa ni kupunguza upana: MHz 150 zinakupa mita 88. Lakini ukipunguza upana, mchoro nao unakuwa butu. Vitu viwili vilivyo karibu vinaonekana kimoja. Kifaa chenye nukta 401, kama NanoVNA-H4, kinakuacha utumie MHz 300 zote na bado unaona mbali kuliko mnara wowote niliowahi kupanda. Tofauti ya bei kati ya NanoVNA-H ya kawaida, ile ndogo, na H4 ni dola 20 au 30, na H4 ina skrini ya inchi 4 badala ya 2.8. Kwa macho ya mtu wa umri wangu, hizo pesa zimejilipa kwa skrini peke yake.

Tukaona kilima kwenye mita 17. Mpanda mnara akapanda na tochi ya kichwani, akihesabu mita kwa mkono kwenye kebo. Palikuwa na kiungo ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunga, kimezungushiwa utepe mweusi wa umeme ule wa madukani. Alipoukata na kulegeza konekta nikasikia kutoka juu: "Kaka, hapa pana maji!" Yalimmwagikia mkononi. Shaba ya ndani ilikuwa ya kijani, na ile povu imeshakuwa kahawia kiasi cha kidole. Tukakata, tukaweka konekta mpya, tukafunga kwa utepe wa mpira unaojigandisha kisha utepe mwingine juu yake, kwa kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Tukapima tena, kilima kimekwisha.

Hapo hapo niseme usalama wa kifaa, kwa sababu nimeona VNA za wenzangu zimekufa kwa sababu hii. Kabla ya kuchomeka waya unaotoka mnarani, gusisha ncha yake ya kati na ganda lake kwanza. Antena ndefu inakusanya umeme tuli, hasa mawingu yakiwa karibu, na tundu la NanoVNA halina ulinzi wa maana. Pili, hakikisha transmita imezimwa na kuchomolewa kwenye waya, maana kubonyeza kwa bahati mbaya ni sekunde moja. Tatu, kama mlima uliopo mnara una vituo vingine vya FM vinavyorusha, mstari wako utakuwa na miba na mtetemeko kwenye masafa yao. Vifaa hivi havina kichujio mlangoni. Vinapokea kila kinachokuja. Miba ile usiiandike kwenye ripoti kama ugonjwa wa antena.

Twende kwenye USB. Ziko zenye skrini na betri ambazo pia huchomekwa kwenye kompyuta, na ziko ambazo bila kompyuta ni sanduku tu, kama VNWA na LibreVNA. Chini ya mnara, jua la saa nane, laptopu ni mzigo. Skrini haionekani, betri inaisha, mchanga unaingia kwenye vitufe, na hakuna mahali pa kuiweka isipokuwa juu ya boneti ya gari ambayo inaunguza. Skrini ya NanoVNA nayo inafifia juani, siwezi kusema uongo, ila unaweza kuifunika kwa kofia. Kwa kazi ya nje sitanunua kisanduku kisicho na skrini hata kikiwa bora mara mbili.

Karakanani mambo yanageuka. Hapo USB ndiyo inayokipa kifaa kidogo heshima. Natumia NanoVNA-Saver, programu ya bure iliyoandikwa na Rune Broberg. Inayagawa masafa vipande vipande na kuvipima kimoja kimoja, kwa hiyo hata kifaa cha nukta 101 kinaweza kukupa mamia au maelfu ya nukta, mradi uwe na subira. Mtu mwenye ile H ndogo asikimbilie kuiuza. Kwenye kompyuta bado ina maisha. Halafu inahifadhi matokeo kwenye faili la .s1p au .s2p. Mimi kila kazi napima kabla na baada, naviweka pamoja kwenye mchoro mmoja na kuambatisha kwenye ankara. Mteja haelewi chati ya Smith, ule mchoro wa duara wa mafundi, wala haihitaji. Anaona mstari wa juzi na mstari wa leo, analipa bila maneno mengi.

Waya wa USB una visa vyake. Baadhi ya NanoVNA zina tundu la USB-C lakini ndani hazikuwekewa vile virezista viwili vinavyoiambia chaja kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ukitumia waya wa C kwa C, kifaa kinakaa kimya, hakichaji wala hakionekani kwenye kompyuta, na mtu anaanza kusema ameuziwa kibovu. Tumia waya wa kawaida wa A kwa C. Na jaribu waya wenyewe, maana nyingi za mitaani ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data.

Sasa kununua. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa sababu mchoro wa NanoVNA ulikuwa wazi kwa kila mtu na kila karakana ikaunakili. Nakala za mwanzo nyingine zilikosa kile kibati cha chuma kinachofunika sehemu za redio, na ukipeleka mkono karibu mstari unacheza. Nyingine zilikuja bila betri. V2 nayo ilinakiliwa, na nakala zake hazifikii ile ya asili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe ni nani ameitengeneza na ni toleo namba ngapi. Akikujibu "ni ile ile tu", achana naye. Picha ya ndani ikionyesha vibati vimefunika saketi ni dalili njema. Namba ya toleo ukiwashapo kifaa isomeke na ifanane na tangazo.

Kuagiza China moja kwa moja ni nafuu, ila piga hesabu yote. Kuna usafirishaji, kuna VAT ya asilimia 18, na kuna safari za kwenda kufuatilia mzigo. Risiti ya malipo uwe nayo kwenye simu, yenye bei halisi. Watu wa forodha wakikadiria wao, utajuta. Ukimpata wa Kariakoo anayeagiza vifaa vya redio mara kwa mara, mpe faida yake kidogo, mradi akubali uiwashe dukani na kuipima mbele yake.

Na kuipima si kazi ya saa nzima. Ndani ya boksi kuna vipande vitatu vya kalibresheni: cha wazi, cha shoti na cha lodi, kinachomeza wimbi lote bila kulirudisha. Chukua mita yako ya kawaida ya umeme, pima ile lodi. Inatakiwa isome omu 50, pungufu au zaidi kidogo sana. Ikisoma 53 au 47, kila kipimo utakachofanya maisha yako yote kitakuwa kimepinda, na hutajua. Kisha fanya kalibresheni, iache lodi pale pale, angalia mstari umelala chini kabisa. Ivue uirudishe: mstari ukirudi mahali pake, tundu ni zima. Ukirudi pengine kila safari, tundu limelegea.

Kalibresheni yenyewe ifanye mwisho wa waya wako, pale utakapounganisha antena, na kwa masafa yale yale utakayopima. Ukibadilisha masafa baadaye kifaa kitakisia kati ya nukta za zamani, na makisio yanatosha kwa kuangalia harakaharaka tu. Ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikaingia juani, ipe dakika kadhaa ipate joto lake kabla hujaanza.

Adapta ndizo zinazokula bajeti kimyakimya. NanoVNA ina tundu la SMA, dogo kama pete ya mtoto, na mnarani utakutana na N, kwenye redio za magari na boti PL-259, kwenye vifaa vya zamani BNC. SMA haikutengenezwa kufungwa na kufunguliwa kila siku, kwa hiyo weka kipande cha kiungio kwenye kila tundu, ukifunge na usikiondoe tena. Kikichakaa utatupa kipande, hutatupa kifaa. Unapofunga, zungusha nati tu. Ukizungusha mwili wa waya unasaga pini ya ndani.

Tena chunga sana waya za kuunganishia zinazouzwa kama za omu 50 kumbe ni RG-6 ya televisheni yenye omu 75. Kwa macho mtu hatambui kama maandishi yamefutika. VNA inaitambua: weka lodi ya omu 50 mwisho wa waya, pima masafa mapana. Waya mzuri, SWR inakaa karibu na 1. Wa televisheni utaona inapanda hadi karibu 2.25 na kushuka tena, inapanda na kushuka, na kwenye chati ya Smith inachora duara lililohamia kulia. Nimewahi kurudisha roli nzima dukani nikiwa na picha hiyo kwenye simu. Muuzaji alibisha, kisha akaona nimeleta na waya mwingine wa kulinganisha.

Mahali ambapo vifaa vya bei ya chini vilinishinda ni kwenye dupleksa. Ripita ya UHF ya walinzi, redio inayopokea na kurusha upya, inatuma na kupokea kwa antena moja kwa wakati mmoja, na kinachoizuia isijizibe masikio ni yale makopo ya dupleksa, yanayotakiwa kuchimba shimo la desibeli 70, 80 na zaidi kwenye masafa ya kutuma. Kwenye MHz 450, H4 yangu inaishia kama 60. Nakaza skrubu, shimo linashuka, linashuka, kisha linazama kwenye kelele na silioni tena. Nazungusha robo nzima bila kujua kama nimeboresha au nimeharibu. Ukipunguza upana wa kusikiliza kwenye menyu na kupima polepole unapata desibeli chache zaidi, lakini kukaza skrubu huku unasubiri mstari ujichore ni adhabu.

Kazi hiyo inataka kitu kama LibreVNA, iliyobuniwa na Jan Käberich. Inapima kutoka kHz 100 hadi GHz 6, pande zote mbili bila kugeuza waya, na sakafu yake ya kelele iko chini zaidi kiasi cha kuona shimo lote. Haina skrini, inaishi kwenye USB. Bei yake ni mara kadhaa ya H4, inapanda hadi mamia ya dola, ingawa bado ni mbali na maelfu yanayotakiwa kwa mashine za kampuni kubwa. Ripita za walinzi haziji kila wiki, kwa hiyo mtu mmoja kuinunua peke yake ni hasara.

Tumeamua mafundi watatu kuchanga. Mmoja ni wa redio za teksi na malori, mwingine anatengeneza vifaa vya LoRa na anataka kuona antena zake ndogo kwenye 868 vizuri. Kwenye mchango tumeingiza na bei ya seti nzuri ya kalibresheni ya N na waya mbili zisizobadilisha vipimo zikikunjwa, kwa sababu kununua mashine ile kisha kuifunga kwa adapta za sokoni ni kuipofusha. Itakaa kwenye karakana yangu yenye kompyuta ya mezani, na kila anayeitumia anaandika daftarini ameitumia lini na kwa kazi gani. Haitoki nje ya mlango. Ya kupanda nayo mnarani ni H4.